Sodiamu Inaposhuka: Homoni na Mishipa ya Damu ya Ubongo

Swali: Mama yetu, mwenye miaka 70, anaishi Tukuyu na anatumia dawa ya presha ya kukojosha. Tangu aambiwe apunguze chumvi, anapika ndizi bila chumvi kabisa na kunywa maji kutwa nzima. Wiki hii anasinzia, anayumba akitembea, na jana alimwita mjukuu kwa jina la mwanawe. Je, ni uzee?

Jibu: Jambo lililoanza ndani ya wiki moja lisiitwe uzee. Huenda sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, imeshuka katika damu yake. Kiwango cha kawaida cha sodiamu katika damu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, na dawa za kukojosha za jamii ya thiazaidi zinaweza kukishusha, hasa kwa wanawake wenye umri mkubwa. Mpelekeni hospitali leo, mkiwa na pakiti za dawa zake zote, ili apimwe damu na daktari aamue ipi isimamishwe.

Swali: Tukimkorogea chumvi nyingi hatapona?

Jibu: Hapana. Mara nyingi kasoro si uchache wa chumvi bali wingi wa maji: ukimimina maji kwenye sufuria ya mchuzi, chumvi ni ileile ila ladha imepotea. (Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, huko ni kupunguza, si kuifukuza jikoni.) Anayezuia maji hayo yasitoke ni homoni iitwayo vasopresini, ambayo hutengenezwa ndani ya ubongo, hutolewa na tezi ya pituitari, na huziamuru figo kurudisha maji mwilini badala ya kuyapitisha kwenye mkojo. Maumivu makali, kutapika, upasuaji na nimonia, ambayo kwetu kwenye baridi ya Juni haihitaji kutambulishwa, vyote huweza kuichochea.

Swali: Mishipa ya ubongo inahusikaje?

Jibu: Hapa ndipo penye uzito. Damu ikishazimuka, maji huingia katika seli za ubongo na kuzivimbisha, na kwa kuwa fuvu ni mfupa usiotanuka, uvimbe huo hubana mishipa ya damu kutoka nje. Seli hujitetea kwa kusukuma sodiamu na potasiamu zitoke ili maji yafuate, lakini kazi hiyo hula nishati, na nishati huhitaji oksijeni inayoletwa na damu. Sasa vasopresini ileile iliyozuia maji ina kazi ya pili, nayo ni kukaza mishipa ya damu. Katika majaribio ya panya jike wenye sodiamu ndogo imeonekana kupunguza damu inayofika kwenye ubongo. Kwa hiyo ubongo unaodai oksijeni zaidi ndio unaopewa kidogo, pampu za seli zake zinazosukuma sodiamu nje zinalegea, na uvimbe unazidi hadi mgonjwa anapata degedege au anashindwa kupumua.

Swali: Kwa nini wanawake wanaopata hedhi hutajwa sana?

Jibu: Homoni ya estrojeni hudhoofisha pampu hizo na huongeza nguvu ya vasopresini juu ya mishipa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992, kuhusu wagonjwa walioshuka sodiamu baada ya upasuaji, ulionyesha kuwa wanawake hao walikuwa na hatari ya kufa au kuharibika ubongo kwa kudumu takribani mara 25 ya wanaume. Ongeza hapo oksitosini, dripu ya kuongeza uchungu wa kujifungua, ambayo kwa dozi kubwa huzuia maji kama vasopresini. Ndiyo maana mkunga makini huhesabu chupa za dripu ya sukari, ambazo nazo huongeza maji mwilini, na mzazi anayelalamika kichwa kikali na kichefuchefu hapaswi kuambiwa avumilie tu.

Swali: Hospitalini watafanya nini?

Jibu: Mwenye degedege hupewa dripu ya chumvi kali kwa kiasi kidogo, chini ya uangalizi. Kwa wengine huanza kwa kupunguza maji au kusimamisha dawa iliyosababisha. Bibi aliyeshuka polepole, ambaye ubongo wake umeshazoea hali hiyo, akipandishwa haraka, yaani zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa lita ndani ya saa 24, huweza kuharibika neva na kupooza siku chache baadaye. Msishangae basi akitolewa damu tena na tena, hata kama ameshaanza kumwita mjukuu kwa jina lake.