Kibuyu chirizi kikae njiani mwa mtoto

Muulize mwanafunzi wa darasa la pili kwa nini tunanawa mikono, atakujibu bila kusita: kuondoa vijidudu. Somo analijua. Lakini kengele ya uji ikilia, huyo huyo anatoka chooni mbio mpaka kwenye foleni, mikono haijagusa maji. Sisi maafisa afya hatuuiti huo ukaidi. Mara nyingi maji yako mbali, au sabuni imefungiwa ofisini.

Kwa hiyo, walimu, anzeni na mahali. Kibuyu chirizi kiwe hatua chache tu kutoka mlango wa choo, mtoto akipite akirudi darasani. Kinahitaji kidumu cha lita 5 chenye tundu dogo chini kidogo ya mfuniko, miti miwili yenye panda, na kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, kidumu kinainama na maji yanachirizika. Hashiki koki kwa mikono iliyotoka chooni. Chini mwageni kokoto pasiwe na matope.

Sabuni ya kipande hupotea, kila mwalimu anajua. Itoboeni muitundike kwa kamba, au mkoroge sabuni ya unga na maji kwenye chupa yenye mfuniko uliotobolewa. Maji matupu hayatoshi, kwa sababu vimelea hung'ang'ania mafuta ya ngozi, na sabuni ndiyo inayoyaachanisha.

Nawaomba sana muache beseni moja la darasa zima. Mtoto wa kwanza anachovya kwenye maji safi, wa arobaini anachovya kwenye uchafu wa wenzake wote, na kipindupindu, kuhara damu na mayai ya minyoo hupita humo humo. Kama hakuna kibuyu, mmoja amimine kwa kopo, mwenzake anawe.

Kufundisha, wapakeni viganjani mafuta ya kupikia kidogo na masizi. Wanawe kwa maji tu, waangalie. Kisha kwa sabuni, wakisugua sekunde 20. Masizi yatakayobaki chini ya kucha na kwenye dole gumba yatawaonyesha wanaposahau. Wakiwa hapo wanawe na uso, maana nzi wanaoeneza trakoma hufuata macho yenye tongo.

Na zamu ya kujaza kidumu isiachiwe wasichana peke yao.