Je, wajua? Bitcoin inaweza kusafiri bila intaneti, ila haifiki bila intaneti

Intaneti ilipozimwa Tanzania nzima siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, na kukaa hivyo kwa siku kadhaa, swali moja liliacha kuwa la wapenzi wa kompyuta pekee: je, sarafu mtandao kama Bitcoin inalipika mtandao ukiwa haupo?

Wengi hujibu haraka, ama "haiwezekani" au "ndiyo, kwa redio", na majibu yote mawili hutokana na kosa moja. Tunaichukulia Bitcoin kama kitu kilichomo ndani ya simu, na kuituma kama kukihamishia kwenye simu nyingine. Haimo. Hata salio la M-Pesa halimo kwenye simu yako. Itumbukize simu kwenye ndoo ya maji, pesa haiguswi, kwa sababu iko kwenye kumbukumbu za kampuni. Bitcoin nayo ni maandishi kwenye daftari la hesabu, tofauti ni kwamba nakala za daftari hilo ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani na yeyote anaweza kulisoma. Simu yako ina ufunguo wa siri tu. Ufunguo huo kazi yake ni kutia saini, na saini haihitaji bando.

Chukulia uko Kondoa, umeandika hundi, umeitia saini, na kumkabidhi kondakta wa basi la Dodoma. Kondakta hawezi kubadilisha kiasi wala jina, maana saini itakataa. Hana haja ya kuwa mwaminifu; anahitaji kufika tu. Akipotea, unamwandikia mwingine hundi ileile, na benki itailipa mara moja tu. Lakini anaweza kuisoma njiani. Tena mpaka ifike benki, hakuna kilicholipwa: wewe mwenye akaunti unaweza kumpa dereva wa basi la pili hundi nyingine ya pesa zilezile, na itakayotangulia kufika ndiyo itakayopita. Muuzaji aliyekupa gunia la mahindi kwa kuiona tu hundi ya kwanza amekukopesha bila kujua.

Redio ndiyo kondakta, na hundi ni muamala uliotiwa saini. Vifaa vya LoRa, kibao kidogo chenye antena na betri kinachoungana na simu kwa bluetooth, hurushiana ujumbe mfupi kifaa hadi kifaa bila mnara wa simu. Muamala wa kawaida wa Bitcoin una baiti 220 hivi, na pakiti moja ya Meshtastic, programu inayoendesha vifaa hivi, hubeba zaidi kidogo ya 230. Inaenea, kwa kujibana. Ukiuandika muamala huo kwa herufi na tarakimu ili uutume kama ujumbe wa kawaida, urefu unakuwa maradufu na unalazimika kuukata vipande.

Dodoma ingefaa kwa mchezo huu: nyanda kavu, miti mifupi, na vilima vya mawe kama Kilima cha Simba pale Mlimwa. Redio hizi hupenda antena zionane. Kutoka kilimani ishara huweza kwenda kilomita nyingi. Katikati ya majumba, hata mtaa wa pili ni bahati. Mwaka 2019 watu wawili walirusha malipo ya Bitcoin kutoka Toronto hadi San Francisco kwa redio ya mawimbi mafupi, ambayo hufika mbali kuliko LoRa, kwa hiyo umbali wenyewe si muujiza. Ila mwisho wa mnyororo lazima awepo mtu mwenye intaneti wa kuupeleka muamala kwenye daftari. Nchi nzima ikiwa gizani, mtu huyo awe ng'ambo ya mpaka au awe na setilaiti.

Na sheria? Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa fedha halali nchini ni shilingi na kwamba sarafu mtandao hazitambuliki. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyohiyo ijiandae kuzipokea. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kisichotambulika kinakatwa kodi, jambo ambalo mamlaka za kodi duniani hazijawahi kuliona la ajabu. Redio nazo ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Masafa si ya kujichagulia.

Usiri ndio sehemu inayochekesha. Njia ya kawaida ya Meshtastic hutumia ufunguo unaojulikana na kila mwenye kifaa, hivyo usipoubadilisha, jirani anakusoma. Kifaa kinachorusha kinaweza kutafutwa kilipo. Na daftari la Bitcoin liko wazi. Anayetaka kujificha kweli hukimbilia Monero, sarafu mtandao nyingine, ambayo huchanganya pesa inayolipwa na nyingine 15 za kuzugia. Gharama yake ni uzito: muamala mmoja hufikia baiti 1,500 au zaidi, vipande saba hivi vya redio, na kimoja kikipotea njiani vilivyobaki havina kazi. Sarafu inayoficha vizuri zaidi ndiyo inayopita kwa shida zaidi kwenye njia ambayo watu huichagua wakitaka kujificha.