Alama 119.750 ni kati ya ngapi?

Mapema Juni 2024, baridi ya Mbeya ikiwa imeanza kukolea, nilikuwa saluni Mwanjelwa nimenyolewa nusu. Televisheni ya ukutani ikatoa habari za michezo: Simone Biles ametwaa ubingwa wa taifa wa jimnastiki wa Marekani kwa mara ya 9, huko Fort Worth, Texas, kwa alama 119.750. Wa pili, Skye Blakely, ana 113.850. Kinyozi akasimamisha mashine kwenye kisogo changu.

"Mwalimu, 119 kati ya ngapi?"

Swali la haki kabisa. Sisi tumelelewa na alama zenye dari. Mtoto akifika nyumbani na 43, mzazi hapongezi wala hagombi mpaka aambiwe ni kati ya ngapi, maana 43 kati ya 50 huleta soda, na 43 kati ya 100 huleta kikao.

Nikamjibu bila kusita kwamba jimnastiki mwisho wake ni 10 kwa kila kifaa, kwa hiyo hiyo 119 ni jumla ya mambo mengi. Kwenye jumla nilipatia. Kwenye 10 nilikuwa nimepitwa na wakati kwa miaka 18.

Hilo la jumla ni jepesi. Wanawake hushindana kwenye vifaa 4: meza ya kurukia, vyuma viwili vya kimo tofauti, boriti na zulia. Ubingwa ule wa Marekani huchezwa siku mbili na alama za siku zote hujumlishwa, yaani mara 8. Gawanya 119.750 kwa 8 unapata karibu 14.97. Kinyozi, ambaye hesabu za chenji zimemfanya kuwa mwepesi, ndiye aliyeigawanya kwenye simu, kisha akanigeuzia kioo. 14.97 kwenye kitu ambacho mwisho wake ni 10.

Niliitoa wapi 10? Nilikotoa mimi ndiko walikotoa wengi. Tarehe 18 Julai 1976, kwenye Olimpiki ya Montreal, binti wa Romania mwenye miaka 14, Nadia Comăneci, alitua kutoka kwenye vyuma, na ubao wa matokeo ukaonyesha 1.00. Ukumbi ulipigwa na bumbuwazi. Ubao haukuwa na nafasi ya kuandika 10.00, kwa kuwa haikutarajiwa kwamba nafasi hiyo ingehitajika. Alizipata 10 saba kwenye michezo ile, na Nellie Kim wa Umoja wa Kisovieti akapata mbili. Picha ya ubao ule imezunguka dunia nzima, ikatufundisha kwamba kwenye mchezo huu 10 ni ukamilifu na juu yake hakuna kitu.

Kosa langu lilikuwa na tabaka kama kitunguu. La kwanza ni hilo, kwamba mwisho ni 10. Niliporudi nyumbani na kusoma kidogo nikaangukia la pili: kumbe wamepandisha, basi itakuwa kati ya 20. Siyo. La tatu ndilo lenye mizizi, na nadhani wengi wetu tunalo: kwamba anayeshinda ni yule aliyekosea machache. Tunatazama, binti anaanguka kwenye boriti, tunasema "huyu basi tena." Halafu anavishwa dhahabu, na sisi tunaanza kunusa upendeleo.

Ila nisilisahihishe kosa kwa kulikoleza upande wa pili. Zipo hadithi kwamba zamani majaji walitazama unadhifu tu na ugumu ukahesabiwa tangu 2006. Hapana. Hata enzi za 10, zoezi lilikuwa na thamani ya kuanzia kulingana na ugumu wake. Mwenye zoezi jepesi alianza chini ya 10, na akilicheza bila doa hakuifikia. Thamani hiyo ndiyo iliyozua kizaazaa kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, fainali ya wanaume ya vifaa vyote. Yang Tae-young wa Korea Kusini alicheza kwenye vyuma sambamba zoezi la kuanzia 10, majaji wakaliandika 9.9. Akaishia na shaba, nyuma ya Paul Hamm wa Marekani kwa alama 0.049. Ukimrudishia ile 0.1 anampita, kwa hesabu ya kwenye karatasi. Waliotazama mkanda upya nao walidai kuna makosa yake ambayo hayakukatwa kwenye zoezi lilelile. Majaji watatu walisimamishwa, Hamm akabaki na dhahabu yake. Na Hamm mwenyewe alikuwa ametua vibaya kwenye meza akaporomoka hadi nafasi ya 12 kabla ya kupanda tena. Kwa hiyo kuanguka na kushinda si uvumbuzi wa juzi.

Wengi husema mkasa huo ndio uliozaa mfumo mpya. Huenda uliusukuma, lakini tatizo la dari lilikuwepo tayari. Wachezaji wengi walikuwa wamefika kwenye thamani ya 10, na mtu akibuni kitu kigumu kuliko wote hakikumwongezea chochote.

Mwaka 2006 shirikisho la kimataifa likaing'oa dari. Namna walivyoing'oa ilinichukua muda kuielewa, mpaka nilipoihamishia barabara ya TANZAM.

Chukua madereva wawili wanapakia viazi Uyole kupeleka Dar. Tajiri wao hulipa kwa mafungu mawili yasiyochanganywa. Fungu la kwanza ni la mzigo: umepakia nini. Fungu la pili ni la safari: umeufikishaje. Fungu la mzigo halina kikomo, ukipakia zaidi unalipwa zaidi. Fungu la safari ni elfu kumi kwa kila dereva, awe na kirikuu chenye magunia matano au semi iliyojaa. Hiyo elfu kumi haiongezeki kamwe. Inapungua tu, kila kiazi kikidondoka.

Jimnastiki ni hivyo. Fungu la kwanza ni alama ya ugumu. Kila kipengele kimepangiwa herufi na bei yake: A ni 0.1, B ni 0.2, unapanda hivyo mpaka J kwa wanawake, ambayo ni 1.0. Kwenye vyuma, boriti na zulia huhesabiwa vipengele 8 vizito zaidi; huwezi kujaza vidogo vidogo thelathini ukadhani utapata utajiri. Yapo pia masharti ya kutimiza yanayoleta hadi alama 2.0, na nyongeza kwa kuunganisha vipengele bila kupumua katikati. Kwenye meza mambo ni mepesi: kila mruko una bei yake iliyoandikwa.

Fungu la pili ni alama ya utekelezaji. Wote huanza na 10. Goti limekunjika kidogo, 0.1. Umeyumba zaidi, 0.3. Umeharibu sana, 0.5. Umeanguka, 1.0. Majaji wa fungu hili huandika kila mmoja kivyake, za juu na za chini hutupwa, zinazobaki hutafutiwa wastani. Jumlisha mafungu mawili, toa faini kama zipo, ndiyo alama yako. 10 ya Nadia haikufutwa, basi. Imebaki mle ndani, nusu ya nyumba. Na jibu la "kati ya ngapi" ni kwamba swali linafaa kwa fungu moja tu.

Sasa rudi kwa madereva. Mwenye semi akimwaga gunia zima Kitonga, pale kwenye kona zinazomfanya abiria amkumbuke Mungu wake, anakatwa elfu moja. Mwenye kirikuu anafika na kila kiazi. Anayelipwa zaidi jioni ni nani? Inategemea semi ilipakia nini.

Doha, mwaka 2018, ubingwa wa dunia. Biles anaingia fainali ya vifaa vyote akiwa na jiwe kwenye figo. Kwenye meza anatua na kukaa chini. Kwenye boriti anaanguka. Kwenye zulia anatoka nje ya mstari. Anashinda dunia nzima kwa alama 57.491 dhidi ya 55.798 za Mai Murakami wa Japani. Ule mruko aliokalia ulimpa 14.533. Tuseme mwingine anachagua mruko wa bei 4.6 na kuucheza kwa usafi wa ajabu, 9.5, anapata 14.1. Amefika na kila kiazi, lakini alikuja na kirikuu.

Ukiishia hapo utaamini kwamba dawa ni kupakia tu. Kinyozi aliamini hivyo kwa muda wa miezi miwili, kwa sababu mimi nilimwaminisha. Tarehe 5 Agosti 2024, Olimpiki ya Paris, fainali ya zulia. Biles ana mzigo wa 6.9. Rebeca Andrade wa Brazili ana 5.9, alama nzima pungufu. Biles anaruka juu mno hata zulia la mita 12 kwa 12 halimtoshi. Anatoka nje mara mbili kwa miguu yote, faini 0.6. Utekelezaji wake ni 7.833, wa Andrade 8.266. Piga: 6.9 na 7.833 toa 0.6 ni 14.133. Kwa Andrade, 5.9 na 8.266 ni 14.166. Dhahabu Brazili, kwa tofauti ya 0.033.

Hapa mfano wangu wa viazi unaanza kuchanika. Lori halipindi magoti kwa sababu ya uzito. Mwili hupinda. Kadiri kipengele kinavyokuwa kigumu, ndivyo miguu inavyoachana na kutua kunavyoyumba, kwa hiyo fungu la kwanza hula la pili polepole. Tena ukianguka bila miguu kugusa kwanza, kipengele chenyewe hakihesabiwi: mzigo umemwagika na kodi yake umelipa.

Jambo jingine la kuangalia: alama za ubingwa wa taifa usizipange moja kwa moja na za Olimpiki. Kanuni hurekebishwa kila baada ya Olimpiki, bei za vipengele hupanda na kushuka, na watu wa mchezo huu hurudia kwamba majaji wa nyumbani wana mkono mwepesi wa kutoa alama. Inaaminika, ila siku mbili za mchezaji mmoja hazifanani, kwa hiyo tofauti ya alama peke yake haithibitishi ukarimu wa mtu.

Ubingwa wa taifa una upungufu mwingine ninaoupenda. Mwaka 2019, kwenye ubingwa wa Marekani huko Kansas City, Biles alipiga kwenye zulia samasoti mbili za kinyumenyume huku mwili ukijisokota mara tatu, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo mashindanoni. Taifa zima liliona. Kwenye kitabu cha kanuni kipengele hicho hakikupewa jina lake, kwa sababu kipengele hupewa jina la mtu akikifanya kwenye mashindano makubwa ya kimataifa. Ikabidi akirudie kwenye ubingwa wa dunia huko Stuttgart, Ujerumani, Oktoba ile. Kiliandikwa J, alama nzima.

Pale pale Stuttgart alikuwa na kipengele kingine, cha kushuka kwenye boriti: samasoti mbili na kujisokota mara mbili, kutoka kwenye ubao wa upana wa sentimita 10 uliopo mita 1.25 juu ya sakafu. Hicho kikapewa H, yaani 0.8. Biles alilalamika hadharani kwamba kimepunjwa. Shirikisho likajibu kwamba bei huzingatia pia usalama. Hawataki wasichana wengine wakijaribu kwa tamaa ya alama.

Nilimsimulia hili kinyozi safari iliyofuata. Ana shamba la viazi kwao na anajua adha ya lumbesa. Alininyoa kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe na wao wana mizani barabarani."