Kibali cha mazishi si cheti cha kifo: maelezo kwa wakazi wa Tana River

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kufungwa kwenye pindo la leso, mikunjo imeshaanza kutoboka. Mama yule alikuwa ameitunza miaka tisa akijua ndiyo cheti cha kifo cha mumewe. Kumbe ni kibali cha mazishi. Benki ilimrudisha, kwa kadhi akarudishwa, na sasa alikuwa dirishani petu, ofisi ya usajili wa vifo, akiuliza amekosea wapi. Hakukosea, hakuna aliyemweleza. Naandika haya kwa sababu wanaofika na karatasi kama ile wanazidi kuwa wengi, na baadhi yao huja wakiwa wameshaamini kwamba ofisi ya usajili inawafichia vyeti.

Hatufichi vyeti. Cheti cha kifo ni nakala ya yale yaliyoandikwa kwenye rejesta. Kifo kisipoandikwa hakuna cha kunakili, hata kama kijiji kizima kilihudhuria maziko.

Utaratibu wenyewe ni huu. Aliyefariki hospitalini hujaziwa fomu D1 na wahudumu wa hospitali. Aliyefariki nyumbani au malishoni hujaziwa fomu D2 na naibu chifu wa kata ndogo kilipotokea kifo, kwa maelezo ya waliokuwepo. Hapo familia hupewa kibali cha mazishi, na fomu huja kwa msajili ili kifo kiingizwe kwenye rejesta. Baada ya hapo jamaa huomba cheti. Maombi ni hatua ya pekee, yana ada yake, na hayajitumi yenyewe. Njoo na kibali, nakala ya kitambulisho cha marehemu na kitambulisho chako mwenyewe. Namba ya kibali ndiyo inayotupeleka kwenye fomu, kwa hiyo usikitupe baada ya maziko, na wala usikipige laminesheni kabla hujakitoa nakala.

Sasa jambo linalowachosha watu barabarani kuliko yote: kifo husajiliwa mahali kilipotokea. Si mahali marehemu alipozaliwa, wala alipozikwa. Mgonjwa wa Garsen akipelekwa Malindi akafia huko, rejesta yake iko upande wa Kilifi. Akifia kwenye hospitali ya rufaa Mombasa, rejesta yake iko Mombasa, hata kama alizikwa Ngao siku ya pili. Mume wa mama yule alifia Mombasa, naye alikuwa ameshapanda gari kuja Hola, kwenye ofisi yetu, mara mbili. Kabla ya kulipa nauli, soma kibali: kimetolewa na nani, na wapi? Hapo ndipo pa kuanzia.

Jamii zetu nyingi huzika siku ile ile, na ni haki yao. Ila mazishi ya haraka ndiyo yanayotuachia rejesta zenye mapengo. Maiti haikupita mochari, naibu chifu yuko mbali au mto umefurika, watu wanazika na kuahidiana kwamba karatasi itashughulikiwa baada ya arobaini. Arobaini inapita. Mjane yuko edani, na eda ni miezi minne na siku kumi. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inatoa miezi sita tangu siku ya kifo. Ikipita, msajili hawezi kukiandika bila idhini ya maandishi ya Msajili Mkuu. Mjane anapotoka edani huwa amebakiwa na wiki chache, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Tafadhalini, msimsubiri. Sheria haisemi mjane ndiye aende. Ndugu, mtoto mkubwa, au yeyote aliyekuwepo wakati wa kifo anaweza kutoa taarifa, hata siku ya tatu ya matanga.

Miezi sita ikishapita, mlango haujafungwa, ingawa watu hupenda kusema hivyo. Usajili wa kuchelewa upo. Utahitaji barua ya chifu, ushahidi wa kifo, kitambulisho cha marehemu na cha mtoa taarifa, na subira, kwa kuwa maombi hayamalizwi na ofisi moja. Usimpe wakala pesa ili "akuharakishie". Akikuletea cheti ambacho namba yake haimo kwenye rejesta, kitakataliwa mahakamani, na aliyekipeleka akijua ni cha uongo anaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Jinai, Sura ya 63, ambako adhabu ya kughushi hati rasmi inafika kifungo cha miaka 7.

Kuhusu majina, nitasema wazi kwa sababu tunachoka kulirudia. Marehemu huandikwa kwa jina la kitambulisho, herufi kwa herufi. Kitambulisho kinasema Mohamed, aliyetoa taarifa anasema Mahamud, hati ya shamba inasema Muhamed: kwa mahakama hao ni watu watatu. Kumtaja marehemu kwa jina la utani alilojulikana nalo kisimani hakumsaidii mtoto wake. Mpe naibu chifu kitambulisho anakili mwenyewe, kisha mwambie akusomee alichoandika kabla hujaondoka. Kitambulisho chenyewe husalimishwa, kwa hiyo toa nakala kwanza. Kosa likishaingia, kulirekebisha ni maombi na ushahidi mwingine. Karani hana mamlaka ya kulifuta kwa kuwa umemsihi.

Wanaotafuta kifo cha zamani, tusaidieni tuwasaidie. "Alikufa wakati wa njaa" ni mwanzo tu. Njoo na mwaka, hata wa kukisia, na kijiji, na jina la chifu au naibu chifu wa wakati huo. Rejesta za zamani ziliandikwa kwa mkono, na jina liliandikwa jinsi mwandishi alivyolisikia, kwa hiyo tukilikosa kwenye herufi H tunaangalia herufi nyingine. Mzee mmoja tulimpata kwa jina la baba yake pekee, kwenye ukurasa ulioliwa na mchwa pembeni, kwa sababu mwanawe alikumbuka kwamba siku ile kulizikwa watu wawili. Tulimtafuta wa pili, wa kwanza alikuwa mstari wa juu yake.

Wakati cheti kinatafutwa, msiguse mali. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza kuchukua, kuuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Kutoa pesa kwenye simu yake kwa sababu unaijua namba yake ya siri ni kugusa mali. Najua matanga yana gharama. Sheria haiulizi hilo.

Kifo kisicho cha kawaida hakimalizwi na naibu chifu. Aliyeuawa na mamba, aliyegongwa na gari, aliyekutwa amekufa porini: taarifa iende polisi kwanza, maziko baadaye.

Na kuna familia ambazo mto uliwachukulia mtu na mwili haukuonekana. Kwenu hatuwezi kutoa cheti kwa maneno ya mashahidi dirishani. Pigeni ripoti polisi mapema na mtunze namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 118A, inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangemsikia huchukuliwa kuwa amekufa, na anayetamka hivyo ni mahakama. Mkija na amri ya mahakama, tunaanzia hapo.