Stika ya Schengen haisomwi tarehe peke yake

Viza ya Schengen ni viza moja ya kuingia kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Wengi wakirudishiwa pasipoti na ubalozi ikiwa na stika ya viza hiyo hutazama tarehe mbili tu: viza inaanza lini, inaisha lini. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Chini ya tarehe hizo imeandikwa idadi ya siku za kukaa, na hiyo ndiyo yenye nguvu. Viza inaweza kuwa hai kuanzia Machi mpaka Septemba huku ikikuruhusu siku 30 tu. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia, hata ukitua saa tano usiku.

Mwenye viza ya mwaka mzima naye hazidishi siku 90 ndani ya siku 180. Kanuni hii nawaeleza wateja kila wiki, maana wengi huamini kwamba ukitoka na kuingia tena hesabu inaanza upya. Haianzi. Kila siku uliyomo, hesabu siku 180 kurudi nyuma, leo ikiwemo, kisha ujumlishe zote ulizokaa. Tuseme uliingia Ujerumani 1 Machi, ukatoka 29 Aprili: hizo ni siku 60. Ukirudi 1 Julai umebakiwa na 30, kwa hiyo 30 Julai ndiyo siku yako ya mwisho. Siku za Machi zitaanza kukurudia 28 Agosti, moja moja. Usitegemee kwamba afisa atapitiwa na mhuri: tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kutumia mfumo wa kompyuta unaorekodi kila kuingia na kutoka.

Kuna kisanduku kingine, cha idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT, yaani mara moja, mbili au nyingi. Hiki ndicho kinachoniumiza roho zaidi, kwa sababu kinawakwamisha watu waliofuata kila kitu kingine. Nchi za Schengen ni 29. Uswisi na Norwei zimo japo hazimo Umoja wa Ulaya. Ireland imo kwenye Umoja lakini Schengen haimo. Uingereza haimo kokote. Mwenye 01 akipanda treni Paris kwenda London, viza yake ya Schengen imekwisha kazi, hata kama tarehe bado. Hawezi kurudi Paris kupanda ndege ya Dar.

Basi panga njia kabla ya kujaza fomu. Ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa ile utakayoingilia. Na kama London imo katikati, omba kuingia zaidi ya mara moja, uambatanishe na viza ya Uingereza.