Je, wajua kwa nini topiki "nzuri" ya utafiti inarudishwa na supavaiza?

Umekaa wiki nzima unawaza, ukaja na topiki yako safi kabisa, "Athari za mitandao ya kijamii kwa wanafunzi", ukaiprinti ukampelekea supavaiza, naye kaiangalia sekunde kumi kakuuliza swali moja tu: umesoma nini? Wengi hapo wanaona wamebaniwa. Ukweli ni kwamba ulichopeleka ni topiki tu, tatizo la utafiti halimo, na tatizo halipatikani kwa kukaa na kuwaza, linapatikana kwa kusoma walioandika kabla yako. Yaani ile litricha rivyu (mapitio ya maandishi ya waliotangulia) ambayo tunaionaga kama adhabu ya sura ya pili ndo inayozaa sura ya kwanza.

Topiki ni eneo. Tatizo ni kitu ambacho ndani ya hilo eneo hakijajulikana bado, na kuna mtu anaumia au anakwama kwa sababu hakijulikani. Sasa utajuaje kwamba hakijulikani kama hujui kinachojulikana?

Kuna kisa cha 1994 ambacho watu wa hesabu wanakichekea hadi leo. Jarida la kitabibu la Diabetes Care lilichapisha makala ya mtafiti aliyekuja na njia ya kupata eneo lililo chini ya mstari wa grafu ya sukari kwenye damu: unalikata vipande vidogo, unapiga hesabu ya kila kipande, unajumlisha. Njia akaipa jina lake mwenyewe. Tatizo ni kwamba hiyo ni kanuni ya trapeza, ipo kwenye vitabu vya hesabu vya wanafunzi, na wasomaji wakaliandikia jarida kulisema hilo. Tena 2016 ikatoka makala kwenye jarida la Science ikionyesha Wababeli walishaitumia kufuatilia mwendo wa sayari ya Mshtarii, kwenye vigae vya udongo vya kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo! Hesabu yake haikuwa na kosa, sema alikuwa amechelewa miaka elfu mbili na kitu.

Upande wa pili kuna Don Swanson, huyu namkubali sana. Alikuwa mtaalamu wa sayansi ya habari Chuo Kikuu cha Chicago, si daktari, hana maabara wala mgonjwa. Kundi moja la makala lilisema wenye ugonjwa wa Raynaud, ule wa vidole kufa ganzi na kubadilika rangi kwenye baridi, damu yao huwa nzito kuliko kawaida. Kundi jingine kabisa, la watu wasiosomana na wale wa kwanza, lilisema mafuta ya samaki yanapunguza uzito wa damu. Kila kundi linanukuana lenyewe kwa lenyewe. Swanson akaunganisha, 1986 akachapisha wazo kwamba mafuta ya samaki yanaweza kuwasaidia wagonjwa hao, na baadaye madaktari wakaenda kulijaribu. Pengo lilikuwa limekaa katikati ya makala zilizokwisha chapishwa, hakuna aliyekuwa amezisoma zote mbili.

Turudi kwa topiki yako ya mitandao. Usisome makala kama hadithi, mwanzo mwisho, utachoka ya tatu tu. Soma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzoni), ruka hadi mwisho pale waandishi wanapokiri mapungufu yao na kusema nini kifanyike baadaye (pale pana dhahabu, na wengi hawafikagi), halafu ndo urudi kwenye mbinu. Chora jedwali: nani, aliwauliza kina nani, alipima nini, alipata nini, aliacha nini. Tuseme umejaza makala kumi na tano, ukashuka na macho kwenye safu ya "alipima nini" ukaona karibu wote wamehesabu saa za kushika simu kwa siku, na hakuna aliyeuliza ni saa ngapi za siku, mchana au usiku kitandani. Hapo moyo unaruka kidogo. Hilo ndo tatizo linaanza kuota.

Ila angalizo: "hakuna aliyewahi kufanya" peke yake si sababu. Vitu vingine havijafanywa kwa sababu havina faida kwa mtu yeyote, na supavaiza atakuuliza tu, sasa tukijua hilo itakuwaje?

Kupata makala nako kuna ujanja wake. Ukiipata moja nzuri, rejea zake zinakupeleka nyuma kwa waliomtangulia, na kule Google Scholar chini ya kila makala kuna kiungo cha walioinukuu, hicho kinakupeleka mbele. Wazo la kwenda mbele namna hiyo si la juzi, Eugene Garfield alitoa Science Citation Index, orodha ya nani kamnukuu nani, mwaka 1964, enzi za vitabu vizito vya karatasi.

Na utaacha kusoma lini? Siku unafungua makala mpya, unaangalia orodha ya rejea, na majina yote unayajua, hata unaweza kubashiri nani atanukuliwa aya inayofuata. Ikitokea hivyo mara tatu mfululizo funga laptopu, andika swali lako kwa sentensi moja, ndo umpelekee.