Acha Kuogopa Breki ya Mbele

Jumamosi iliyopita alinijia kijana mwingine. Ana miaka minne barabarani, steji yake iko Umoja, anabeba abiria tangu saa kumi na moja alfajiri. Kabla hajapanda niliishika breki ya mbele ya pikipiki yake nikaivuta. Leva ikaja yote mpaka ikagusa mpini, na gurudumu likaendelea kuzunguka vilevile. Nikamuuliza kama kebo imekatika. "Hapana, mwalimu. Fundi alinilegezea nilipoinunua. Hiyo ya mkono mimi sigusi, itanimwaga."

Nimefundisha watu pikipiki hapa Nairobi kwa miaka kumi na mmoja. Maneno hayo nimeyasikia kwa vijana wa steji, kwa wanaopeleka vifurushi, kwa watu wa ofisi waliochoshwa na foleni ya Mombasa Road, hata kwa mafundi. Hakuna dhana inayonikera kama hii, kwa sababu anayeiamini ametupa sehemu kubwa ya breki zake, halafu usiku analala akijua yeye ni mtu mwangalifu.

Ukifunga breki, uzito wa pikipiki na wako wewe unakimbilia mbele. Utausikia mwilini: viganja vinalemewa na springi za mbele zinabonyea. Tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami, linapata mshiko. La nyuma linapunguziwa mzigo. Ndiyo maana kwenye lami kavu karibu asilimia 70 ya nguvu ya kuisimamisha pikipiki iko mbele. Anayekanyaga ya mguu peke yake anaibana sana breki ya gurudumu ambalo limeshakuwa jepesi. Gurudumu linafunga, linateleza, mkia unaanza kuyumba, na safari bado inaendelea.

Tufanye hesabu. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, unakula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka, kila mtu huipoteza hiyo. Baada ya hapo, kwa breki ya nyuma pekee, utahitaji mita 40 hivi kusimama. Kwa zote mbili, zikitumiwa vizuri, mita 20 hivi. Hizo mita 20 katikati ni karibu urefu wa mabasi mawili yakifuatana. Sasa jiweke Jogoo Road, matatu imekukata kuingilia steji, uniambie kama unaweza kumzawadia mtu mita 20.

Woga huu una asili yake, siukatai. Mtu anashtuka, ananyakua leva kwa vidole vyote kwa mkupuo mmoja kabla uzito haujafika mbele. Gurudumu linafunga na kuteleza pembeni, hasa penye mchanga, penye tope, au usukani ukiwa umekunjwa kwenye kona. Anaanguka, anainuka, anasimulia steji nzima kwamba breki ya mbele imemwaga. Kilichomwaga ni ule mkupuo. Na kule kupinduka kwa kichwa wanakokuogopa, kwa pikipiki ya cc 125 au 150 yenye breki ya drum mbele, ile ya kubana kwa ndani ya gurudumu, ni nadra sana. Tairi litateleza kwanza. Ukiwa na abiria ni vigumu zaidi, maana uzito umekaa nyuma. Na hapo ndipo ya mguu nayo inasaidia zaidi kuliko ukiwa peke yako, kwa hiyo sisemi uiache. Nasema zote mbili, kila mara, hata unaposimama kwenye taa bila haraka, ili mkono uzoee.

Wala si ugonjwa wa Nairobi tu. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, katika ripoti yao ya 1981, walichunguza ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles wakiwa palepale zilipotokea. Walikuta yaleyale ninayoyaona uwanjani: kwenye hatari mwendeshaji analifungia gurudumu la nyuma mpaka linateleza, na la mbele analigusa kidogo au haligusi kabisa.

Yule kijana tulimkazia kebo kwanza. Ni nati ndogo tu, na kazi haikuzidi dakika tano. Leva ikisogea kama sentimita moja au mbili, breki inapaswa kuwa imeanza kushika. Ikifika kwenye mpini, huna breki. Kisha nikamwaga mstari wa chokaa chini, nikamwambia aje na 40, akifika kwenye chokaa asimame kama alivyozoea. Alikanyaga ya mguu, tairi likalia, likachora alama nyeusi iliyopinda. Tukahesabu hatua kutoka kwenye chokaa: ishirini na mbili.

Ndipo tukaanza upya, kutoka 20 kwa saa. Usukani umenyooka, mafuta umeachia, vidole viwili kwenye leva. Unavuta taratibu mpaka usikie springi zimebonyea, kisha unakaza, na unaendelea kukaza. Mimi huwahesabia kwa sauti: "vuta… kaza." Nafasi kati ya maneno hayo mawili ni ndogo kuliko kupepesa macho mara mbili, lakini ndiyo inayolipa tairi muda wa kukandamizwa. Mara tano za kwanza alikuwa anaachia katikati, mabega yamepanda mpaka masikioni. Alipofika tena kwenye 40, ilikuwa jaribio la kumi na kitu, alisimama hatua kumi na mbili. Akashuka, akarudi kwenye chokaa akazihesabu tena mwenyewe, mara mbili.

Kuna dhana ni ndugu wa hiyo ya breki: "Hatari ikizidi, nailaza pikipiki." Usiilaze. Chuma na plastiki vikiburuzwa kwenye lami havishiki kama mpira wa tairi, kwa hiyo pikipiki iliyolazwa inakwenda mbali zaidi, na wewe nyuma yake huna breki wala usukani, unaelekea chini ya lori lilelile ulilokuwa unalikwepa. Baki wima, bana breki mpaka mwisho. Hata ukigonga, utagonga ukiwa umeshapunguza mwendo sana.

"Dereva ameniona, nimepiga honi." Honi haimfanyi mtu akuone. Katika ajali zile za Los Angeles zilizohusisha pikipiki na gari jingine, karibu theluthi mbili ni dereva wa gari aliyeichukua njia ya mwenye pikipiki, na wengi walisema hawakumwona. Pikipiki ni nyembamba, inafichwa na nguzo ya kioo, inapotea kwenye saitimira. Usimtazame dereva usoni. Tazama gurudumu lake la mbele. Likianza kugeuka, amekwisha kuamua, awe ametoa indiketa au hakutoa.

Na usipite kushoto kwa matatu iliyosimama. Hili nitalirudia mpaka nichoke. Hapa kwetu mlango uko kushoto, na ile nafasi kati ya matatu na ukingo ni njia ya anayeshuka. Nilijifunza Outer Ring, karibu na Donholm, miaka mingi iliyopita. Niliona pengo, nikaingia. Mama mmoja akashuka akiwa na gunia la sukuma kiunoni, uso ameuelekeza kwa makanga anayedai chenji. Nilisimama tairi langu la mbele likiwa limegusa gunia. Majani mawili yalianguka kwenye madigadi. Aliniangalia akasema, "Kijana, mimi nilikuwa nashuka tu." Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Nikiwa nyuma ya matatu steji, nasubiri.

Wanaosema helmeti ni "ya safari ndefu", au "ya polisi", sitawapa muda mwingi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Inayoning'inia kwenye kiwiko haipunguzi chochote, na ambayo kamba haijafungwa itaruka kabla kichwa hakijafika chini. Shika ukingo wake kwa nyuma uisukume mbele. Ikitoka kichwani, haikutoshi. Iliyowahi kugonga lami ikiwa kichwani mwa mtu, tupa, hata kama rangi bado inang'aa.

"Mvua kubwa ndiyo hatari." Inayoangusha watu wengi ni yale manyunyu ya dakika za kwanza baada ya kiangazi, yanapochanganya vumbi na oili iliyomwagika na kuwa utelezi. Mvua ikipiga kwa muda lami huoshwa kidogo. Rangi nyeupe za vivuko na vifuniko vya chuma, hizo ni telezi mvua ikiwa ndogo au kubwa. Zivuke ukiwa umenyooka, bila breki na bila kuongeza mafuta.

La mwisho linatoka kwa abiria: "Mimi nimebebwa tu, nitafanya nini?" Mengi, dada na kaka zangu. Sheria ya Kenya inataka abiria mmoja tu, na wote wawili muwe na helmeti na jaketi ya kuakisi. Ukiambiwa "sogeeni kidogo tuingie wawili," shuka. Na kabla hujapanda, huyo kijana akiwa bado anakutafutia chenji, nyoosha mkono uivute leva ya breki iliyo upande wa kulia. Ikiwa ngumu, panda. Ikifika kwenye mpini, mshukuru kwa heshima uende kwa anayefuata kwenye foleni, na umwambie ni kwa nini.